Kanuni ya Kwanza ya Kundi la Salefatu

Salefatu, Kisiwa cha Savai'i
4 Februari 2017

Mwanangu Etuale,

Nakusalimu wewe, mkeo Sefina na watoto, ambao naambiwa mmewapa majina yanayofaa farasi wa mashindano. Sisi huku tu wazima. Mvua imeozesha nusu ya magimbi ya bondeni. Nguruwe mkubwa amezaa kumi na mmoja, akawalalia wawili. Mchungaji mpya anahubiri dakika hamsini mambo ambayo marehemu baba yako angeyamaliza kabla chai haijapoa.

Nimeshika kalamu kwa sababu jambo la maana haliandikwi mahali ambapo muuza duka anaweza kulipigia dole gumba. Uliponiomba niwafunze adabu wageni wanaojiunga na kundi la kijiji chetu mtandaoni, nilikubali kwa sharti kwamba nipewe funguo sawa na zako, za kupokea watu na za kuwatoa. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na minane. Watoto wa miaka minane waliniletea chawa, mijusi na mara moja jino la babu yao, lakini hawakuwahi kuniletea kinachoingia humu.

Juzi ameingia kijana wa Auckland anayeitwa Fereti. Hakusalimu. Alianza kwa kuweka picha yake ndani ya nyumba ya mkutano, alipokuja kutembea Krismasi, ameegemea nguzo ya Chifu Leaumoana, babu yako, ambayo yeye pekee aliiegemea mpaka alipokufa. Miguu ameinyoosha mbele kama nguo zilizoanikwa, nyayo zikitukabili sote. Chini yake ameandika, "Napumzika nyumbani." Nilipomwambia kwamba nguzo ile ina mwenyewe, alijibu kwa herufi kubwa tupu kwamba YEYE PIA NI MTOTO WA KIJIJI. Kuandika kwa herufi kubwa tupu ni kusimama wima machifu wakiwa wamekaa. Baadaye, alipogundua kosa lake, aliomba radhi kwa kutuma kikaragosi cha manjano kinacholia. Babu zetu walipokosa walikwenda kabla ya mapambazuko, wakakaa chini mbele ya nyumba ya waliyemkosea, mkeka mwembamba wa ukoo umewafunika kichwa, wakangoja hapo hata mchana kutwa mpaka mwenye nyumba atoke aufunue. Huyu ametuma uso wa manjano.

Nimetunga kanuni tisa na kuzibandika juu ya kundi. Ya kwanza ndiyo mama yao: *Mgeni akiingia, kabla ya neno jingine lolote, ajitambulishe ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, na wa nyumba ipi.* Asiyejua ametoka wapi atasema nini cha maana? Ya pili inakataza kuandika saa ya sala ya jioni, baragumu ya kombe la bahari ikishalia hapa kijijini. Usiniambie habari za saa za huko kwenu Brisbane. Kijiji kiko hapa.

Mwambie Sefina mafuta ya kifua yamefika.

Shangazi yako,
Makerita

*

Logan
1 Machi 2017

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia jana, imelowa pembe moja, nadhani yule binamu aliyeileta aliiweka pamoja na samaki. Sefina anakusalimu. Watoto wanakusalimu pia, nao wanasema majina yao ni ya wanasoka, farasi hawahusiki. Kazini wamenihamishia zamu ya asubuhi, nashusha matairi kwenye kontena mpaka saa nane, kisha naingia kundini kuzima moto uliowasha wewe.

Shangazi, tuzungumze. Tangu uweke kanuni wameomba kuingia wageni thelathini na mmoja. Waliobaki ni tisa, na katika hao wanne hawajaandika neno. Nilimpigia mmoja kumuuliza kwa nini yuko kimya, akaniambia, "Kaka, namwogopa yule mwalimu. Nikitaka kuandika 'habari za asubuhi' natokwa jasho." Fereti naye, tangu umtoe, amefungua kundi lake, analiita Nguzo Haina Mwenyewe. Lina watu mia mbili. Nami nimo, nisamehe, kuna vichekesho.

Sasa nina swali la kweli. Tarehe 19 Februari alijiunga msichana kutoka Mildura, mji wa mashamba ya zabibu, kule kusini kabisa. Jina lake Renee. Nilikuwa kwenye mapumziko ya chai, nikasoma alichoandika. Nakikumbuka kwa sababu kilikuwa kizuri: "Nawasalimu wazee wote kwa heshima. Mimi ni Renee, binti wa Lagi, mjukuu wa Fuatino, wa nyumba ya Leaumoana. Bibi yangu anawasalimu." Basi. Nilikunywa chai, nikarudi kumkaribisha, sikumkuta. Dakika saba, Shangazi. Funguo za kutoa tunazo wawili tu, na mimi mkononi nilikuwa na kikombe.

Nyumba ya Leaumoana ni yetu. Fuatino ni nani?

Mwanao,
Etuale

*

Salefatu
27 Machi 2017

Mwanangu Etuale,

Salamu kwenu nyote. Wanasoka si bora kuliko farasi. Farasi angalau hatemi mate uwanjani. Paa la kanisa limeanza kuvuja upande wa wanakwaya, na kwa jinsi wanavyoimba siku hizi naona mvua imechagua vizuri.

Umeandika kwamba wageni wananiogopa. Vema. Mtu anayetokwa jasho kabla ya kusema hujikwaa dole tu, hajikwai ulimi. Huyo Fereti na watu wake mia mbili waache waegemee wanachotaka.

Kanuni ya tano nimeirekebisha. Ilikuwa inakataza kuuza vitu kundini, lakini mke wa shemasi akadai kwamba keki zake si vitu. Sasa inataja keki. Ya saba inahusu sauti zinazorekodiwa. Mtu mmoja alituletea dakika kumi na moja za sauti, na katika hizo dakika sita anatafuta miwani. Ya nane nimeiongezea neno: mgeni asimjibu mzee kabla ya mwenye umri zaidi yake kujibu. Nakuomba uzisome upya zote na unijulishe kama kuna lisiloeleweka.

Magimbi mapya yamechipua.

Yule msichana alivunja kanuni.

Shangazi yako,
Makerita

*

Logan
20 Aprili 2017

Shikamoo Shangazi,

Sote wazima. Mtoto wa pili ameng'oka jino, akauliza kama akuletee kwa kuwa uliwahi kupokea la babu ya mtu.

Nimezisoma kanuni zote tisa kama ulivyoniagiza. Nimezisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari kama ulivyonifundisha. Sikuona aliyoivunja. Katika wageni thelathini na mmoja, yule ndiye pekee aliyetimiza ya kwanza yote: mtoto wa nani, mjukuu wa nani, nyumba ipi. Fereti aliyetuonyesha nyayo ulimvumilia siku nne.

Basi nikamtafuta Renee. Aliniandikia pembeni kwamba hakuwa ameandika peke yake. Bibi yake alikaa kando yake na miwani mbili, moja juu ya nyingine, akamsomea kanuni zako na kumsahihisha. Waliandika mara tano. Kisha wakatolewa kabla bibi hajavua miwani.

Nilipiga simu, Shangazi. Aliipokea bibi mwenyewe.

"Wewe ni mtoto wa Viliamu?" akaniuliza. "Bado ana masikio kama vishikio vya sufuria?"

"Baba alifariki miaka sita iliyopita."

Nilisikia mashine fulani ikivuta pumzi. Kisha akasema, "Hakuna aliyeniambia. Haya. Na Makerita? Bado anawarekebisha watu?"

"Bado."

"Mwambie katika kanuni ya nne ameandika 'tafadhali' mara tatu. Mdomoni mwake sijaisikia hata mara moja."

Nilicheka, nisamehe. Naye akacheka mpaka Renee akaja kumwekea mto. Moyo wake umechoka, Shangazi. Daktari amewaambia wahesabu miezi, wasihesabu miaka. Alipomtuma Renee kundini hakutaka kitu chochote. Alisema tu anataka kujua kama jina lake bado lipo nyumbani.

Nilikwenda kwa Sefina, tukafungua picha niliyopiga ya Biblia ya ukoo, ule ukurasa wa majina. Wamo watoto wawili wa Leaumoana: Viliamu na Makerita. Ukurasa wote una mwandiko mmoja. Ni mwandiko wako. Kurasa nyingine zote kabla ya huo zina mwandiko wa babu.

Nakuuliza tena, kwa heshima.

Mwanao,
Etuale

*

Salefatu
15 Mei 2017

Etuale,

Barua yako imefika. Mvua imekatika.

Kupiga simu kwa mtu ambaye wazee wako hawajakutajia ni kuingia nyumba ya watu kwa dirishani. Sikukufundisha hivyo.

Swali lako si la barua.

Makerita

*

Logan
8 Julai 2017

Shikamoo Shangazi,

Sefina anakusalimu. Nimengoja wiki saba nikitumaini barua yako nyingine iko njiani na samaki. Haikuwepo.

Tarehe 2 Juni nilimrudisha Renee kundini. Tarehe 3 hakuwepo. Tarehe 10 nikamrudisha, nikaandika wazi kwamba ni mgeni wangu. Hakumaliza saa ya sala. Kwa hiyo hata kanuni yako ya pili uliikanyaga, Shangazi. Baragumu ilikuwa imelia, kijiji kizima kimeinamisha vichwa, na wewe ulikuwa na simu mkononi unamfukuza mtoto wa watu. Mtoto wa watu gani, hata hivyo. Mtoto wetu.

Naweza kukunyang'anya funguo kwa kidole kimoja. Sitafanya hivyo, kwa sababu siku ile ile utasema umeng'atuka kwa hiari, na wanakwaya wakuamini.

Fuatino amelazwa mara mbili tangu Mei. Renee anasema siku hizi haulizi kundi. Anauliza tu kama kuna mtu amebisha hodi.

Umewafundisha watu mia nne jinsi ya kuingia. Sijakusikia ukifundisha hata mmoja jinsi ya kupokea.

Huenda hili ndilo neno lisilo na adabu kuliko yote niliyokuandikia. Litoe kama unavyotoa mengine.

Etuale

*

Salefatu
30 Julai 2017

Mwanangu Etuale,

Salamu kwako, kwa Sefina na kwa watoto. Wale nguruwe tisa wamekua. Paa bado linavuja.

Neno lako halikuwa na adabu. Nimelisoma mara nyingi kuliko lilivyostahili.

Fuatino ni dada yangu. Ananizidi miaka miwili. Mwaka 1968 kilikuja kikaratasi kutoka Apia, mji mkuu, kwamba wasichana wawili wa shule yetu wanaweza kwenda chuo cha ualimu. Wasichana wenyewe tulikuwa sisi. Babu yako alisema nyumba ya chifu haipeleki mabinti wawili mjini kama maembe ya kuuza, na kwamba mkutano wa machifu wa siku ya Jumatatu utaufunga mjadala. Yule kijana wako Fereti anadhani yeye ni mkorofi. Fuatino aliniambia, "Tutaingia mkutanoni, tutasema wenyewe." Nikamwambia ataingiaje mahali ambapo hata wanaume wasio na cheo hukaa nje juani. Akasema, "Kwa mlango. Mimi nitatangulia, wewe utaingia nyuma yangu ukae ubavuni pangu, wakituona wawili hawatatuita wazimu." Nikakubali. Nilikubali kwa mdomo wangu, nikamshika mkono kabisa.

Aliingia. Machifu wote wamekaa, kila mtu kwenye nguzo yake, naye akasimama wima katikati, hakuinama, akasema yote. Alisema vizuri. Hakurudia neno. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya tangi la maji. Nilimwona akigeuka kutazama mlangoni mara moja. Kisha mara ya pili.

Kijiji kilimtoza babu yako nguruwe kumi na masanduku ishirini ya samaki wa kopo, na Fuatino akaambiwa asilale tena Salefatu. Aliondoka na boti ya kesho yake asubuhi. Baba aliniuliza kama nilijua. Nikasema sikujua. Baada ya mwezi alinipeleka chuo, mimi mmoja, kwa kuwa mimi nilikuwa yule mwenye adabu. Alikata ule ukurasa wa Biblia kwa wembe, akanipa kalamu ninakili mwingine, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Nimewafundisha watoto wa wilaya hii miaka thelathini na minane jinsi ya kupita mbele ya wakubwa. Cheti changu kilinunuliwa na mtu aliyesimama wima. Kila mgeni aliyeingia kundini kwa kishindo nilimdharau kwa raha. Huyu msichana aliingia kwa heshima, na jina lile mkononi, nikaona kidole changu kimebonyeza kabla sijamaliza kusoma. Hiyo ndiyo kanuni aliyoivunja.

Usinijibu. Nimeutoa mkeka mwembamba wa mama yangu chini ya godoro, nimeuanika. Umetoboka kidogo kwenye upindo lakini manyoya mekundu ya ndege yanayoupamba yapo. Viza niliyopata nilipokuja huko kwenu kwenye ubatizo bado ina miezi mitatu. Sitapitia kwako. Ungekuja na simu, ukapiga picha.

Shangazi yako,
Makerita

*

Mildura
19 Agosti 2017

Mwanangu Etuale,

Nakusalimu wewe na wa nyumbani kwako. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Nchi yenu ina barabara ndefu zisizo na sababu. Basi lilikwenda siku nzima, na abiria wa pembeni yangu alivua viatu akaweka miguu juu ya kiti cha mbele. Nilimtazama mpaka akaishusha.

Nilifika kwenye nyumba yao saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Kulikuwa na baridi ambayo Mungu aliikusudia samaki wa barafu. Nilikaa chini kwenye saruji mbele ya mlango, nikakunja miguu, nikajifunika mkeka kichwani.

Ilikuwa siku ya kutoa mapipa ya taka. Mwanamume wa jirani alipita akivuta la kwake, akasimama. "Mama, umefungiwa nje?" Sikumjibu, anayeomba radhi hasemi. Akarudi na kikombe cha chai, akakiweka karibu na goti langu, akaenda zake. Chai yenyewe ilikuwa maji ya kuoshea kikombe, lakini nimekuandikia uijue, kwa sababu mtu huyo hajasoma kanuni hata moja.

Baadaye mlango ulifunguliwa kidogo. Nikasikia sauti ya msichana: "Bibi, kuna mtu amekaa hapa nje amejifunika kapeti."

Na sauti nyingine, kutoka ndani: "Si kapeti."

Mlango ukafungwa. Nilingoja. Unajua nilisikia nini? Kijiko. Anakoroga chai. Alikaa akanywa chai yake, Etuale, polepole, na nadhani alikunywa na mkate, huku mimi nimekaa juu ya barafu na miaka sitini na minane. Nilikasirika sana. Kisha nikakumbuka kwamba yeye aligeuka kutazama mlangoni mara mbili, na kwamba mimi wakati ule nilikuwa na kivuli na maji ya kunywa.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapipa alipotoka. Niliona kwanza kandambili, kisha mrija mwembamba ukiburuzwa, ule wa hewa. Hakuinama. Aliufunua mkeka kwa ncha ya mkongojo, kama mtu anayetazama kilichokufa chini ya jamvi. Amekonda. Uso ni wa mama.

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa.

"Nilikuambia uingie nyuma yangu," akasema. "Umechelewa."

Nikasema, "Nimechelewa, dada."

"Miaka arobaini na tisa."

"Najua hesabu. Nimeifundisha."

"Bado una mdomo," akasema. Akageuka, akaingia ndani, na mlango akauacha wazi. Niliinuka kwa shida, Renee akanishika kwapa. Niliingia nyuma yake, nikakaa ubavuni pake. Ananilaumu kwamba nimekunja mkeka vibaya. Renee hajui kupika wali wala kufagia chini ya kiti, na anatembea ndani na viatu, lakini ananiletea maji kabla sijaomba. Nitakaa hapa mpaka mwisho, ambao daktari anasema hauko mbali. Fuatino anasema daktari naye anapenda kusikika. Biblia nimekuja nayo. Leo asubuhi ameniamuru niandike ukurasa upya mbele ya macho yake, na amenisahihisha tarehe mbili.

Sasa fanya hivi. Mrudishe Renee kundini. Kisha nitoe mimi. Usiniulize, bonyeza. Halafu nitaomba kuingia kama mgeni yeyote, nawe uningojeshe kidogo, na ukishanipokea ubandike haya kwa jina langu, herufi ndogo, bila kubadili neno:

"Nawasalimu wote kwa heshima. Mimi ni mgeni humu. Naitwa Makerita, binti wa Leaumoana, wa nyumba yenye nguzo ile. Ni mdogo wake Fuatino."